Mkate Uliolala: Namna ya Kuuhifadhi na Kuupasha Moto kwa Mwenye Kuangalia Sukari

Katika nyumba nyingi za Moshi wali uliolala hukaangwa asubuhi na hakuna anayelalamika, na makande ya jana husifiwa kuwa yamekolea kuliko yalipoepuliwa, lakini mkate uliolala huonekana kuwa dalili ya uhaba. Mama yangu, ambaye ana kisukari cha aina ya pili na anaishi Rau, alinitazama kwa mshangao siku nilipomwomba aache kununua mkate wa moto kila alfajiri, na badala yake ale uliokuwa kwenye friza tangu Jumapili. “Mwanangu,” aliniambia, “duka liko hapo getini, mkate unashuka saa kumi na mbili, halafu wewe unataka nile barafu?” Mwongozo huu ni jibu nililompa, nikiongeza yale niliyojifunza baadaye kwa kukosea.

Niseme mapema kwamba faida inayozungumzwa hapa ni ya kweli, lakini ni ya wastani. Mkate uliogandishwa kisha ukabanikwa hupandisha sukari polepole zaidi kuliko mkate ulioshuka sasa hivi, ila slesi nne za mkate huo bado ni slesi nne, na chai yenye vijiko vitatu vya sukari pembeni yake inaweza kula faida yote. Anayetumia dawa za kisukari asibadilishe dozi kwa sababu ya friza.

Kinachotokea ndani ya mkate

Sehemu kubwa ya unga wa ngano ni wanga, na wanga ni minyororo ya glukosi, yaani sukari, iliyopangwa kwa namna mbili: amilosi, ambayo ni mnyororo ulionyooka, na amilopektini, ambayo ina matawi mengi kama mti. Mkate unapookwa, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kulegea, na zikiwa katika hali hiyo vimeng'enya vya mate na vya utumbo mwembamba huzikatakata kwa urahisi. Ndiyo sababu mkate mweupe hupata takriban 75 katika kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari, ambacho glukosi tupu hupewa 100. Kipimo hicho kilianzishwa mwaka 1981 na David Jenkins na wenzake huko Toronto, Kanada.

Mkate unapopoa, minyororo ile iliyolegea huanza kujipanga upya na kushikana. Amilosi hujipanga ndani ya saa chache tu, ilhali amilopektini huchukua siku kadhaa, na ndiyo hasa inayoufanya mkate wa juzi uwe mgumu na wenye kuvunjikavunjika mkononi. Wanga uliokwisha kushikana kwa namna hiyo haukatwi kirahisi na vimeng'enya. Hupita utumbo mwembamba bila kugeuka sukari, ukafika kwenye utumbo mpana kama zifikavyo nyuzinyuzi za mboga. Wataalamu huuita wanga sugu.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kama moto haurudishi kila kitu mahali pake. Moto hurudisha sehemu tu. Amilopektini iliyojipanga hulegea tena mkate ukifika nyuzijoto 60 hivi, ndiyo maana mkate mkavu ukipashwa huwa laini kwa muda, lakini amilosi iliyojipanga huhitaji joto linalozidi nyuzi 100, ambalo sehemu ya ndani ya slesi yenye unyevu haifiki. Kwa hiyo mkate unaweza kuwa laini mdomoni na bado ukabaki na wanga sugu wa kiasi fulani.

Jaribio linalotajwa zaidi kuhusu jambo hili lilifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2008. Watu 10 wenye afya njema walikula mkate mweupe uliookwa nyumbani na mkate mweupe wa dukani, kila mmoja ukiwa katika hali nne tofauti, kisha sukari yao ikafuatiliwa kwa saa mbili. Kwa mkate wa nyumbani, jumla ya ongezeko la sukari ilishuka kwa takriban asilimia 31 mkate ulipogandishwa na kuyeyushwa, asilimia 25 ulipobanikwa bila kugandishwa, na asilimia 39 ulipogandishwa, ukayeyushwa, kisha ukabanikwa. Kwa mkate wa dukani, kugandisha peke yake hakukuleta tofauti ya maana, lakini kubanika kulishusha ongezeko hilo kwa zaidi ya robo, uwe ulipitia friza au haukupitia.

Mambo mawili katika matokeo hayo yanapaswa kukumbukwa jikoni. La kwanza ni kwamba walikuwa watu 10 tu, tena wasio na kisukari, hivyo asilimia hizo zionyeshe mwelekeo na zisichukuliwe kuwa ahadi kwa kila mtu. La pili ni kwamba mkate wa kiwandani huwekewa viungo na vimeng'enya vya kuuweka laini kwa siku nyingi, yaani vya kuuzuia kufanya lile tunalolitaka, kwa hiyo si ajabu ukakataa kubadilika ukiwekwa tu kwenye baridi. Anayenunua mkate wa dukani, na wengi wetu ndivyo tulivyo, ategemee zaidi kubanika. Anayeoka mwenyewe ana sababu nzuri ya kutumia friza na moto vyote viwili.

Hatua ya kwanza: ujue mkate ulio nao

Slesi ya kawaida ya mkate uliokatwa kwa mashine ina uzito wa gramu 25 hadi 30 na hubeba wanga wa gramu 12 hadi 15. Boflo inayokatwa nyumbani kwa kisu ni habari nyingine, kwa sababu kipande kinene kinaweza kuwa sawa na slesi mbili, na mlaji akahesabu kimoja. Kama kuna mizani ya jikoni, pima kipande kimoja mara moja tu na uukumbuke unene wake. Kama haipo, nunua mkate uliokwisha kukatwa.

Usidanganywe na rangi. Mkate wa brauni wa unga uliosagwa laini kabisa hupandisha sukari karibu sawa na mweupe, ingawa una nyuzinyuzi na madini zaidi, na wakati mwingine rangi yenyewe hutokana na sukari iliyounguzwa. Soma karatasi ya kifungashio: kiungo cha kwanza kiwe unga wa ngano isiyokobolewa. Ukiuona mkate wenye punje au vipande vya nafaka vinavyoonekana kwa macho na kuhisika kwa meno, huo ni afadhali, kwa kuwa punje nzima humeng'enywa polepole. Wanaooka wenyewe wanaweza kuchanganya unga wa atta na unga mweupe nusu kwa nusu, na kuacha donge liumuke usiku kucha mahali penye ubaridi kwa hamira kidogo, kwa sababu asidi inayojengeka katika uumukaji mrefu nayo hupunguza kasi ya sukari.

Hatua ya pili: uache upoe kabisa

Mkate uliotoka tanuri sasa hivi uwekwe juu ya wavu, au uegemezwe ubavu ili hewa ipite chini yake, kwa saa mbili hadi tatu bila kukatwa na bila kufunikwa kwa kitu kinachobana. Kuufunga ungali na joto ni kosa linalofanywa hata na watu wenye uzoefu: mvuke hugeuka matone ndani ya mfuko, ganda hulegea, na siku ya pili ukungu umeota. Mkate ulionunuliwa wa moto nao utolewe kwenye mfuko ukifika nyumbani, upoe, kisha urudishwe.

Hatua ya tatu: chagua mahali pa kuuhifadhi

Mezani. Moshi iko kwenye mwinuko usiofika mita 1,000 na joto la Februari huvuka nyuzi 30 mchana, ilhali Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi na Julai yake ina baridi ya kuvalia sweta. Mkate ule ule hauwezi kukaa muda ule ule katika miji hiyo miwili. Kwa makadirio yangu ya jikoni, mkate usio na dawa ya kuzuia ukungu hukaa salama siku mbili Moshi wakati wa joto au wa masika, na siku tatu, pengine nne, Arusha wakati wa kipupwe. Uweke ndani ya bati lenye kifuniko au uufunge kwa kitambaa safi cha pamba chini ya kawa, mbali na jiko na mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Friji. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema. Ubaridi wa friji, ambao ni nyuzi 4 hivi, huchelewesha ukungu, lakini ndio ubaridi unaoufanya mkate uwe mgumu kwa haraka kuliko ubaridi mwingine wowote, haraka hata kuliko ukikaa mezani. Sehemu kubwa ya ugumu huo ni amilopektini, nayo tulikwisha kuona kwamba hulegea mara ipatapo moto. Kwa hiyo friji inakupa mkate mgumu, na manufaa kidogo tu ya sukari baada ya kuupasha. Sisemi isitumike, asiye na friza na anayeishi mtaa wa Majengo hapa Moshi wakati wa masika afadhali aweke mkate kwenye friji kuliko kuutupa, ila ajue kwamba mkate huo ni wa kubanika, si wa kuliwa hivyo hivyo.

Friza. Hili ndilo chaguo bora, nalo lina utaratibu wake. Mwaka wa kwanza nilitumbukiza mkate mzima uliokatwa ndani ya friza ukiwa kwenye mfuko wake, nikiamini nitabandua slesi mbili mbili kila asubuhi. Asubuhi ya pili slesi zote zilikuwa zimeshikana kama tofali, nikajaribu kuzitenganisha kwa ncha ya kisu, kisu kikateleza kwenye barafu na kunichana kidole gumba, na chai ikapoa huku natafuta plasta. Tangu siku hiyo nafanya hivi: mkate ukipoa kabisa, naukata slesi zenye unene sawa, nazipanga mbili mbili huku nikiweka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya slesi na mwenzake, nafunga kila jozi, natia jozi zote ndani ya mfuko mmoja mzito, naubana mfuko hewa itoke, kisha naandika tarehe juu yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya vyakula havikuhusika, kwa hiyo ule mfuko mkate ulionunuliwa nao unaweza kufutwa vizuri na kutumika tena. Kopo lenye kifuniko kinachobana linafaa pia.

Friza halisi, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, huhifadhi mkate kwa ubora unaoridhisha hadi miezi mitatu. Kile kisehemu cha barafu kilicho ndani ya friji ndogo yenye mlango mmoja mara nyingi hakifikii ubaridi huo, na mkate wake nashauri uliwe ndani ya wiki moja. Weka mkate juu, nyama na samaki chini, ili damu isiudondokee. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa hubaki na baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24 hivi. Mkate ulioyeyuka katika hali hiyo si wa kutupwa kama nyama ingetupwa. Ubanike uliwe siku hiyo, au uugandishe tena ukikubali kwamba utakuwa mkavu zaidi.

Faida moja ya friza haihusu kemia hata kidogo. Mkate ulio mezani huliwa na kila mpita njia, na mwenye kisukari huchukua slesi ya tatu kwa sababu tu ipo karibu na mkono. Jozi mbili mbili zilizofungwa kwenye barafu humlazimu mtu aamue mapema, na kwa mama yangu nadhani jambo hili ndilo lililomsaidia kuliko wanga sugu wenyewe.

Hatua ya nne: ukague kabla ya kuupasha

Moto hausafishi mkate ulioharibika. Ukiona doa la ukungu, liwe la kijani, jeupe au jeusi, tupa mkate wote, usikate ule upande tu, kwa maana mkate una matundu mengi na nyuzi za ukungu huwa zimekwisha kupenya mahali ambapo jicho halioni. Sumu ambazo baadhi ya ukungu hutengeneza hustahimili joto la kubanika. Kuwatupia kuku mkate huo nako si busara, kwani sumu hizo huwadhuru na wao.

Kuna uharibifu mwingine usiojulikana sana ambao hutokea hasa mahali penye joto na unyevu. Mkate huonekana mzima kwa nje, lakini ndani katikati huwa na unyevunyevu wa rangi ya hudhurungi, hutoa harufu tamu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, na kipande kikivutwa taratibu hutoa nyuzi nyembamba zinazonata kama utomvu. Hiyo ni kazi ya bakteria wa jamii ya Basilasi, ambao mbegu zao hukaa ndani ya unga na hustahimili joto la tanuri, kisha huamka mkate ukipoa polepole ndani ya mfuko. Wiki moja ya masika nilinunua mkate wa namna hiyo katika duka la jirani, nikaukosea kwa kudhani harufu ni ya ladha aliyoongeza mwokaji. Mkate huo hutupwa, bati huoshwa kwa maji ya moto na siki, na likaachwa likauke juani kabla ya kutiwa mkate mwingine.

Hatua ya tano: upashe kwa moto mkavu

Usisubiri uyeyuke. Slesi nyembamba hutoka kwenye friza hadi kwenye moto moja kwa moja, na hukauka kidogo zaidi kuliko ile iliyoachwa mezani ikanyonya unyevu wa barafu.

Kwa tosta, ongeza muda kidogo kuliko wa mkate wa kawaida. Kwa jiko la gesi, tumia kikaangio kizito bila mafuta, kwa moto mdogo. Funika kwa dakika moja ya kwanza ili barafu ya ndani iyeyuke, kisha ondoa kifuniko na ubanike dakika moja na nusu au mbili kila upande. Kwa jiko la mkaa, subiri makaa yafunikwe na majivu meupe, uweke wavu juu yake, na usiondoke hapo, kwa sababu slesi iliyokuwa nyeupe unapogeuka kuchukua sahani huwa nyeusi unaporudi. Kwa ovena, nyuzi 180 kwa dakika tano hadi nane zinatosha.

Kupasha kwa mvuke, kama wafanyavyo wengine kwa kuweka mkate juu ya sufuria ya maji yanayochemka, hurudisha unyevu ndani ya wanga na kuufanya ulainike, jambo ambalo ni kinyume cha lengo letu. Maikrowevu nayo hulainisha kwa muda mfupi kisha huacha mkate mgumu kama mpira. Mzee asiye na meno anaweza kuhitaji mkate laini, na hilo ni hitaji la haki. Basi abanikiwe kidogo, halafu achovye kwenye supu au mchuzi wa maharage badala ya chai yenye sukari.

Rangi inayofaa ni ile ya chai ya maziwa au ya dhahabu, isizidi hapo. Vyakula vya wanga vikikauka na kupata joto linalozidi nyuzi 120 hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo watafiti wa Sweden waligundua mwaka 2002 kuwa imo katika vyakula vingi vya kubanika na kukaanga, na kadiri mkate unavyoiva kuelekea weusi ndivyo inavyoongezeka. Sehemu iliyoungua ikwanguliwe, au slesi iachwe. Pasha kile kitakacholiwa tu, kwa sababu slesi iliyobanikwa ikapoa ikabanikwa tena haina faida iliyothibitishwa, na meno ya mtu yana mipaka.

Hatua ya sita: kinacholiwa pamoja nao

Mtu anaweza kufuata hatua zote tano kisha akaharibu kazi kwa kijiko. Vijiko vitatu vya chai vya sukari vina uzito wa gramu 12 hadi 15, yaani sawa na wanga wa slesi nzima, tena wanga usiohitaji kumeng'enywa kwa muda mrefu. Jamu ni vivyo hivyo. Kwa mwenye kisukari, chai ya rangi ya tangawizi au chai ya maziwa isiyo na sukari ndiyo inayoendana na mkate.

Juu ya mkate au kando yake kuwe na kitu kinachochelewesha tumbo kujimimina: yai la kuchemsha, maharage, dagaa, siagi ya karanga isiyotiwa sukari, au parachichi, ambalo katika masoko ya Mbuyuni, Moshi, na Kilombero, Arusha, huwa rahisi msimu wake ukifika. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu inafaa sana, kwa kuwa asidi ya ndimu na ya siki hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni. Kula kachumbari na yai kwanza, mkate mwishoni; mpangilio huo peke yake hupunguza mwinuko wa sukari kwa watu wengi. Siagi na mafuta navyo huchelewesha, lakini mkate uliokaangwa kwa mafuta mengi huongeza uzito wa mwili, na uzito ni sehemu kubwa ya tatizo la kisukari cha aina ya pili.

Hatua ya saba: lisikilize tumbo

Wanga sugu ukifika kwenye utumbo mpana huliwa na bakteria wanaoishi humo, nao hutoa asidi fupi za mafuta, mojawapo ikiwa butireti, ambayo ni chakula cha chembe za ukuta wa utumbo huo. Kazi hiyo hutoa pia gesi. Kiasi cha wanga sugu katika slesi mbili ni kidogo na wengi hawatasikia lolote, lakini mwenye utumbo unaosumbuka haraka aanze na slesi moja kwa siku chache, na anywe maji ya kutosha, kwa maana mkate mkavu bila maji humfanya mtu apate choo kigumu.

Kutafuna kuna uzito wake. Mkate wa moto ulio laini hubonyezwa mdomoni ukawa donge na kumezwa hivyo, ilhali tosti humlazimu mlaji atafune. Nikiwa mtoto nilikatazwa mkate wa moto kwa maelezo kwamba unaleta kiungulia, na ingawa sikupewa sababu, nashuku kwamba waliokataza walikuwa wameona jinsi unavyoliwa kwa pupa.

Kugandisha na kubanika hakuondoi gluteni, yaani protini ya ngano. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao humfanya mtu adhurike utumbo akila gluteni, au ambaye kila akila ngano huharisha, huvimba tumbo na kukonda, asitegemee mbinu hizi, bali amwone daktari kabla hajaacha ngano, kwa sababu vipimo vya ugonjwa huo husomeka vizuri mtu akiwa bado anaila.

Hatua ya nane: jipime

Kwa kuwa miili hutofautiana, mashine yako ya kupimia sukari ina neno kubwa kuliko jaribio lolote la Uingereza. Chagua asubuhi tatu za mkate usiobanikwa na asubuhi tatu za mkate uliogandishwa na kubanikwa, mkate uwe wa aina moja, idadi ya slesi iwe ile ile, chai na kitoweo viwe vile vile, na usitembee mwendo mrefu siku moja kisha ukakaa tu siku nyingine. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe, kwa kuwa chembe ya sukari au ya tunda kwenye kidole hupandisha namba. Toboa ubavu wa ncha ya kidole, si katikati, maana katikati huuma zaidi. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili kamili tangu tonge la kwanza. Vijiti vya kupimia si rahisi, kwa hiyo mpango huu wa vijiti 12 unaweza kugawanywa katika wiki mbili au tatu.

Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, lengo linalotumika ni sukari isizidi milimoli 10 kwa lita saa moja hadi mbili baada ya chakula, isipokuwa kama daktari amekupangia lengo lingine. Tazama tofauti kati ya kipimo cha kabla na cha baada, usitazame namba ya pili peke yake. Tofauti ikipungua kwa siku zote tatu, njia hii inakufaa. Isipopungua, punguza slesi moja kabla ya kulaumu friza.

Anayetumia insulini au vidonge vya aina ya glibenklamaidi, ambavyo vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, awe na tahadhari ya pekee. Sukari ikishuka chini ya milimoli 4, akaona jasho jembamba, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, tosti si dawa, kwa sababu tumeifanya iwe ya polepole kwa makusudi. Anywe maji yaliyokorogwa vijiko vitatu vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15, na ndipo ale slesi yake.

Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na saa, idadi ya slesi na kilicholiwa nazo, na daftari hilo lifuatane nawe siku ya kliniki. La mama lina jalada la bluu na alama za mafuta ya taa, na kwenye safu ya mwisho, kando ya kila asubuhi ya mkate uliobanikwa, ameandika kwa mkono wake: barafu.